Matapishi ya Kijani Hayangoji Kesho

Mama zangu, dada zangu, na ninyi wahudumu wa afya wa vijiji vya hapa Bombo, leo sitagusa kila ugonjwa wa tumbo. Nataka tukae zaidi na mmoja: utumbo kuingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unavyojikunja ndani ukilivua kwa haraka.

Humpata zaidi mtoto wa miezi 5 hadi 10, mnene, aliyekuwa mzima jana. Ghafla analia kwa ukali, anakunja miguu tumboni, kisha ananyamaza. Baada ya dakika 15 au 20, tena. Kule kunyamaza ndiko kunakotudanganya, hata sisi wauguzi. Nimewahi kumpokea mtoto aliyenyweshwa dawa ya kuhara damu siku 3, na uchungu wake sijausahau. Wa kuhara damu huenda choo mara nyingi. Huyu hutoa damu na kamasi kama jamu, choo chenyewe hakipo, na tumbo linajaa. Tena damu hiyo huchelewa. Msiingoje.

Matapishi yakiwa ya kijani, hata kwa mtoto wa siku 3, hiyo ni nyongo inayorudi juu, na lazima tudhani kwamba njia ya chini imezibwa. Kwa mtoto mchanga, huenda utumbo umejisokota. Utumbo uliosokotwa hukosa damu, ukafa kwa saa chache tu. Asipewe kitu mdomoni. Kituoni awekewe dripu na mpira wa kupitia puani wa kutoa yaliyojaa tumboni, halafu apelekwe penye upasuaji wa watoto. Hospitali ya Mulago, kule Kampala, haifiki kilomita 40 kutoka hapa.

Huo wa kuingiana, mtoto akiwahi, mahali penye vifaa daktari husukuma hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa, na mara nyingi utumbo hurudi bila kisu. Ukishatoboka, ni upasuaji tu.

Bibi pale nyuma ameuliza: mbona sisi tukipiga bomba la miti shamba kupitia njia hiyo hiyo mnatukataza? Bibi yangu, daktari hupima nguvu ya hewa na kuutazama utumbo kwa picha. Nyumbani hatuoni kitu, na dawa kali huunguza utumbo uliokwisha kudhoofika. Mfunge nguo ya joto, mbebe, na ukifika mwambie daktari alianza kulia saa ngapi.