Kofia ya Chuma: Isuguliwe au Iachwe?

Assalaam aleikum, waungwana. Nimeitwa nizungumze juu ya vyuma vya kale, nami nimechagua kimoja tu: hiki kilichokaa hapa mezani kama bakuli lililopinduliwa. Ni kofia ya chuma ya askari wa Kiingereza, ile yenye ukingo mpana. Mwenyewe ni yule bwana wa mstari wa mbele. Ametoka nayo Wete, na kwao ilikuwa ikinyweshea kuku. Msicheke. Kuku hawakuidhuru sana. Kofia hizi huuliwa zaidi na mtu mwenye msasa na nia njema.

Nalijua hilo kwa kuwa nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jirani akanipa kofia ya babu yake, askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) aliyerudi kutoka Burma. Nikaisugua siku mbili, nikaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya nyumbani, ikang'ara kama mpya. Shangazi yake jirani alipoletewa aliigeuza, akachungulia chini ya ukingo, akauliza, "Na jina liko wapi?" Baba yake alikuwa ameandika jina lake pale kwa rangi nyeupe. Nimelisugua mimi, na wala sikumbuki kuliona. Yule bibi hakunigombeza. Alinirudishia kofia tu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama kofia yake inafaa kutengenezwa, namuuliza: tukiitengeneza, kitaondoka nini?

Lakini kwanza ujue umeshika nini. Hapa Unguja kuna ugonjwa mmoja: kila kofia ya chuma inayouzwa mitaa ya Mji Mkongwe "imetoka kwenye Pegasus". Pegasus tunaijua sote, manowari ya Kiingereza iliyopigwa mizinga na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa bandarini, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Waliokufa wamo makaburini kisiwani Chapwani. Yote hayo kweli. Ila mwaka 1914 askari wa Kiingereza hakuwa na kofia ya chuma hata moja. John Brodie, aliyebuni kofia hii ya ukingo mpana, aliisajili mwaka 1915, kwa ajili ya mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, ambako vipande vya makombora vilikuwa vikiwaangukia watu kutoka juu. Kwa hiyo ukiambiwa Pegasus, ama bei ishuke, ama ushuke wewe ngazi za duka.

Hii ya bwana wa Wete ni ya Vita vya Pili. Tazameni hapa utosini: pana skrubu moja inayoshika bitana ya ndani. Skrubu peke yake isikudanganye, maana kofia nyingi za vita vya mwanzo zilikuja kutiwa bitana mpya baadaye. Shahidi mzuri zaidi ni hivi vishikio vya mkanda wa kidevuni. Vimegongwa herufi za mtengenezaji na mwaka. Nilivifuta kwa kitambaa kikavu, na hapa pamesomeka 1941. Mwaka huo askari wa Keya walikuwa Uhabeshi wakipigana na Wataliani, lakini tusikimbilie kuipeleka kofia Uhabeshi. Huo ni mwaka wa kiwanda, si wa vita.

Sasa sumaku. Nimeivunja kwenye spika mbovu ya redio. Naiweka utosini... imeteleza. Haishiki. Wengine hapo hudhani kofia ni ya bati la bandia, kumbe ndiyo dalili njema. Chuma hiki kina madini ya manganisi kiasi cha asilimia 12, aina aliyoigundua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, na sumaku haikitaki. Msiweke sumaku ukingoni wala kwenye vishikio, huko huenda pakawa na chuma cha namna nyingine.

Chuma hiki kina tabia ya ukaidi: ukikigonga kinazidi kuwa kigumu. Kwa hiyo ukiona bonde, usiipeleke kwa fundi akalinyooshe kwa nyundo. Atagonga hadi magharibi na bonde liko pale pale. Mbaya zaidi ni fundi wa kuchomea. Moto ukikipata chuma cha manganisi kinakuwa chepesi kuvunjika, na ufa mmoja uliouziba unazaa mitatu pembeni yake. Bonde ni sehemu ya maisha ya kofia. Liacheni.

Rangi nayo. Hebu njoo, mwanangu, papasa hapa. Unahisi mikwaruzo? Ule ni mchanga uliochanganywa na rangi kiwandani, kofia isimetemete juani ikamwonyesha adui kichwa. Rangi ya dukani haina mchanga huo. Ukishaubandua, umeibakisha sahani tu. Na msiusugue mkavu kwa sababu nyingine: rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na bitana za kofia za Vita vya Kwanza za Waingereza zimewahi kukutwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Vumbi lake si la kuvuta.

Kutu ndiyo mtihani wenyewe hapa kwetu, kwa huu upepo wa chumvi. Iko kutu kavu ya hudhurungi, imeng'ang'ania, ukiipitishia kidole hakichafuki sana. Hiyo inakaa. Mafuta kidogo, kitambaa, basi. Na iko ile inayotoka magamba na kutokwa na vijitone vya rangi ya chungwa siku za unyevu. Chumvi imeshaingia ndani ya chuma. Hiyo lazima iloweke maji baridi yenye magadi, yabadilishwe tena na tena kwa wiki kadhaa, na bitana itolewe kwanza, la sivyo itaoza. Halafu inyanyue kofia juani. Chuma chenyewe kina unene wa karibu milimita moja. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chujio, acha kazi. Hapo hakuna cha kutengenezwa. Iweke pakavu kama ilivyo.

Mkitaka kutu itulie bila kuikwangua, tannini inafaa. Inaigeuza kuwa nyeusi na kuituliza. Ndiyo ile iliyomo kwenye magome ya mikoko, ambayo pwani hii iliyauza miaka mingi kwa wadabaghi wa ngozi. Lakini jaribuni kwanza kwenye msumari mzee, si kwenye jina la babu.

Bwana wa Wete, nakuona unasubiri hukumu. Bitana yako imebaki nusu, mkanda hauna, ndani kuna mduara mweupe wa maji ya kuku. Rangi iko robo tatu. Hakuna ufa, nimeigonga kwa ukucha ikalia vizuri. Mimi nisingeitengeneza. Ningetia tone la mafuta kwenye ile skrubu, ningengoja wiki, nitie tena, mpaka ikubali yenyewe. Chini ya bitana huwa pameandikwa kitu, na hatujapaona bado.

Kuku watafutie bakuli jingine.