Kamera mpya, sensa mbovu: namna ya kudai makuta yako

BÉA: Jambo kwenu nyote, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingine mnakotusikiliza. Mimi ni Béa, niko na mdogo wangu Trésor. Leo ni kamera: sensa yake, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kutengeneza picha, imeharibika na muuzaji hataki kurudisha makuta.

TRÉSOR: Yaya, habari hii imetoka kwa dada mmoja wa Katuba, mpiga picha wa ndoa. Alinunua kamera mjini, mpya kwenye katoni yake, dola 650. Harusi ya kwanza, picha za nje kwenye jua zikatoka vizuri. Jioni ukumbini akapandisha ISO, ile namba inayosaidia kamera kupiga kwenye mwanga hafifu, ukatokea mstari mwembamba wa zambarau, wima, toka juu mpaka chini. Unapita katikati ya shela ya bibi harusi. Kila picha uko palepale.

BÉA: Palepale. Hapo ndipo ushahidi unapoanzia.

TRÉSOR: Aliporudi dukani, muuzaji akaangalia kioo cha kamera na kusema: “Mama, hayo ni mavumbi tu. Tafuta mtu akusafishie.”

BÉA: Hapa kwetu mavumbi ni jibu jepesi. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa vumbi jekundu linaingia kila mahali, na ukibadilisha lenzi barabarani unalikaribisha mpaka kwenye sensa. Lakini vumbi lina tabia yake. Ni doa la giza lenye ukungu pembeni. Piga anga au ukuta mweupe kwa f/16 ama f/22, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, doa linajitokeza. Rudi f/2.8, tundu likiwa kubwa, linafifia au linapotea. Mstari ulionyooka hauna habari na f yoyote. Kwenye sensa kila safu ya wima husomwa kwa njia yake, na njia hiyo ikiharibika, safu nzima inatoka na rangi isiyo yake. Hakuna kitambaa kitakachoifuta. Na tafadhali msiingize kitambaa humo! Ukiikwaruza, umempa muuzaji sababu ya kukukatalia.

TRÉSOR: Na vile vidoa vidogo vinavyong'aa, vyekundu, vya bluu, vyeupe?

BÉA: Hizo ni pikseli zilizowaka, yaani vinukta vya sensa vinavyong'aa hata pasipo mwanga, na hapo tuwe watu wa haki. Kamera moja inaweza kuwa na pikseli milioni 24, chache kuwaka si ajabu. Ukiacha shata, lile pazia la mbele ya sensa, wazi sekunde 30, sensa inapata joto, na vidoa vichache vitaonekana hata kwenye mashine isiyo na ubaya. Usiende kugombana kwa ajili ya hivyo. Kuna kamera zenye kazi ya kuvificha. Olympus waliiweka kwenye menyu. Vikionekana mchana, picha ya kawaida, 1/60 ya sekunde na ISO 100, hapo una neno la kusema.

TRÉSOR: Sasa mtu apime namna gani pale dukani, muuzaji amesimama na wateja wengine wanangoja?

BÉA: Wangoje, ni makuta yako. Funika lenzi kwa kifuniko chake. Ingia kwenye menyu, uzime ile kazi ya kusafisha picha zinazopigwa shata ikiwa wazi muda mrefu. Hiyo watu wanaisahau: ikiwa imewashwa, kamera inapiga yenyewe picha nyingine ya giza, inaitumia kufuta vidoa, na wewe unaona sensa safi kumbe siyo. Piga kwa ISO 100, piga kwa ISO 3200, piga moja ya sekunde 10. Halafu ukuta mweupe. Kuza kwenye kioo, pita kona kwa kona. Ukiona kitu, omba lenzi nyingine. Kikibaki palepale, ubaya uko ndani ya kamera. Kikiondoka, chunguza lenzi.

TRÉSOR: Dada yetu alimtumia muuzaji picha kwa WhatsApp, naye akajibu hauoni huo mstari.

BÉA: Pengine hakuuona kweli. WhatsApp inabana picha, na kitu chembamba hivyo kinaweza kuyeyuka. Tuma kama dokumenti. Faili ya RAW, ile picha ghafi ya kamera, iweke bila kuigusa: ndani yake kuna tarehe na saa, na kwenye kamera nyingi namba ya mashine pia. Ilinganishe na ile iliyo chini ya kamera na iliyo kwenye fakitire, ile karatasi ya mauzo.

TRÉSOR: Fakitire yenyewe ninayo hapa. Chini, kwa herufi ndogo: “Les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées.” Kilichouzwa hakirudi wala hakibadilishwi.

BÉA: Mstari huo umenyamazisha watu wengi, na unaniuma. Hapa Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, yaani sheria, inamfunga muuzaji kwa kasoro iliyofichika, ile inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anachagua: arudishe kitu apewe bei yake, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji aliyeijua kasoro na akanyamaza anadaiwa mpaka hasara. Lakini asiyeijua anaweza kuandika mapema kwamba hatoi garanti. Tena, kasoro ya wazi haihesabiwi, na ukikawia unapoteza haki. Kwa hiyo kabla ya kutoa makuta, mwambie aandike kwa kalamu juu ya fakitire hiyohiyo: namba ya kamera, garanti ya muda gani, sahihi, muhuri. Akikataa kuandika, toka nenda duka lingine.

TRÉSOR: Na kiwanda, yaya?

BÉA: Tafuta kwanza kama modeli yako ina tangazo. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba sensa fulani za aina ya CCD zilizotengenezwa na Sony zilikuwa zinakufa kwenye joto na unyevu, nyaya za ndani zinaachia. Canon, Nikon, Fujifilm na Sony yenyewe walitengeneza bure hata kamera ambazo garanti yake ilikwisha. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilikuwa inapata madoa kwenye sensa, na mwaka 2014 Nikon ikakubali kubadilisha shata bure. Makampuni makubwa yalikubali. Muuzaji wa mjini asikuambie haiwezekani.

TRÉSOR: Dada alirudi na kompyuta na mjomba wake. Picha za giza, picha za lenzi mbili tofauti, mstari uleule. Muuzaji akakaa kimya, halafu akasema makuta hana, ila atampa kamera nyingine ya aina hiyo.

BÉA: Dada anaweza kuikubali kama bado anaitaka modeli hiyo. Kama haitaki, aseme hivyo kwa adabu na apewe tarehe ya kulipwa kwa maandishi, mjomba atie sahihi kama shahidi. Akichukua nyingine, ipimwe palepale kwa kifuniko na ukuta mweupe. Namba mpya iandikwe kwenye fakitire mpya, na garanti ihesabiwe toka siku hiyo, siyo toka ile ya kwanza.