Eliza wa Shaw katika filamu ya ngono ya 1976

Asanteni kwa kufika. Naona wengine mmekaa karibu na mlango, tayari kutoroka. Tulieni, leo sionyeshi picha yoyote.

Filamu ninayoizungumzia ni The Opening of Misty Beethoven, filamu ya ngono ya Marekani ya mwaka 1976. Mwaka uliofuata, watengenezaji wa filamu za aina hiyo walipotoa tuzo zao kwa mara ya kwanza, ilitwaa ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Mwongozaji anatajwa kuwa Henry Paris. Hilo ni jina la kujificha. Mwenyewe ni Radley Metzger wa New York, aliyewahi kuhariri vionjo vya filamu za Ulaya, zikiwemo za Ingmar Bergman, mwongozaji wa Sweden.

Sababu za kujificha zilikuwepo. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba uchafu wa filamu upimwe kwa viwango vya jamii ya mahali husika. Mwaka 1976 mwigizaji Harry Reems alitiwa hatiani huko Memphis kwa filamu aliyoigiza Florida. Hukumu ilifutwa baadaye, lakini waliokuwa kwenye kazi hiyo walishaelewa.

Tuje kwenye hadithi, maana utamu uko hapo. Metzger aliichukua tamthilia ya George Bernard Shaw, Pygmalion: profesa anaweka dau kwamba atamgeuza muuza maua Eliza awe bibi wa kiungwana kwa kumfundisha kusema. Kwa Metzger, profesa ni mtaalamu wa mambo ya ngono, na Misty ni kahaba anayemkuta Paris. Dau ni lile lile. Kilichobadilika ni somo.

Shaw hakutaka Eliza aishie mikononi mwa mwalimu wake. London, mwaka 1914, Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji aliyecheza profesa, alimrushia Eliza maua mwishoni ili watazamaji waondoke na harufu ya ndoa, na Shaw akakasirika. Akaandika nyongeza nzima kueleza kwamba Eliza aliolewa na kijana mwingine. Haikusaidia. My Fair Lady ya 1964, filamu ya Hollywood iliyotokana na tamthilia hiyo na kubeba Oscar 8, inamrudisha Eliza nyumbani kwa profesa, naye bwana mkubwa anauliza viatu vyake vya ndani viko wapi.

Misty naye anarudi, ila anarudi kushika usukani: mafunzo sasa anayaongoza yeye, na profesa yuko chini yake. Kwa maoni yangu, katika hilo Metzger alimtii Shaw kuliko Hollywood ilivyomtii.

Lakini msinielewe vibaya. Usukani huo ni wa kwenye hadithi. Linda Lovelace, nyota wa Deep Throat, filamu ya ngono ya 1972, alikuja kueleza kwamba mume wake ndiye aliyemlazimisha kwa vipigo. Kwa hiyo filamu za miaka ile nazisoma kama tamthilia, wala sizichukui kuwa ushahidi wa jinsi wanawake waliozicheza walivyoishi.

Haya, maswali. Mlioko mlangoni, anzeni ninyi.