Paris Ufikie Mtaa Gani? Angalia Laini ya Treni Kabla ya Bei

Ndugu zangu, karibuni. Swali ni lile lile, kila video: "Nakuja Paris siku tano, nifikie mtaa gani?" Leo nalijibu lote. Kabla hamjaanza, najua yatakayoandikwa hapo chini. Nikitaja mtaa wa bei, najidai. Nikisema hoteli fulani haifai kwa sababu iko mbali, nalalamika wakati wengine hawajapata hata viza. Sijidai na silalamiki. Mtu amejinyima mwaka mzima kutafuta nauli, halafu pesa zinamwishia kwenye treni kwa sababu alichagua hoteli kwa kutazama picha ya kitanda. Hilo ndilo linaloniuma.

Habari za Mnara wa Eiffel mnazijua, naziruka. Tuanze na anwani.

Paris yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani. Ina wilaya 20, zinazozunguka kuanzia katikati kama gamba la konokono. Msimbo wa posta wa jiji huanza na 75, na tarakimu mbili za mwisho ndiyo namba ya wilaya: 75010 ni ya 10, 75014 ni ya 14. Isipokuwa wilaya ya 16 tu, ambayo sehemu yake hutumia 75116. Sasa fungua ukurasa wa hoteli uliyoipenda, acha jina, soma msimbo. Ukianza na 93, 92, 94, 95 au 77, hapo si Paris hata kama jina la hoteli lina neno Paris mara mbili. 77 inaweza kuwa karibu na Disneyland. 95 inaweza kuwa Roissy, pembeni mwa uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Sisemi huko ni kubaya. Wengi wetu tunaishi 93 na tunalea watoto huko. Ila mgeni wa siku tano analipia muda, na muda wake utaishia njiani.

Hesabu hiyo tuifanye pamoja. Bei ninazotaja ni za 2025, na Januari huwa zinaguswa, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kuja. Tiketi ya metro na treni ndani ya mkoa wote wa Paris ilikuwa yuro 2.50. Ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege ilikuwa yuro 13, kila upande, kila mtu. Mmechukua hoteli ya Roissy kwa sababu ina nafuu ya yuro 40 kwa usiku. Mko wawili. Kwenda mjini na kurudi ni 13 mara nne, yaani yuro 52 kwa siku. Nafuu imekwisha na mmeongezea 12 juu yake, bado hamjanywa hata maji. Na ile tiketi ya 2.50 haifungui geti la uwanja wa ndege. Usijaribu kujibanza nyuma ya mtu, faini yake inauma.

Kuna kadi ya wiki, Navigo. Mwaka 2025 ilikuwa yuro 31.60, na juu yake yuro 5 za kadi yenyewe, na picha ndogo ya milimita 25 kwa 30. Njoo na picha kutoka nyumbani, usianze kutafuta kibanda cha picha ukiwa na mabegi. Kadi hii inabeba hadi uwanja wa ndege. Linganisha: kuja na kurudi uwanja wa ndege kwa tiketi ni 26, ukiongeza safari tano za metro inakuwa 38.50. Kadi na wiki yake ni 36.60. Kwa hiyo safari ya tano tu tayari kadi imekulipa. Lakini hapa ndipo watu wanapoumia: wiki ya Navigo inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, siyo siku saba tangu ulipoinunua. Ukitua Alhamisi ukanunua ya wiki hiyo, umepata siku nne tu, na baada ya Alhamisi mashine zenyewe zinakuuzia wiki inayofuata. Ndiyo maana kwa anayeweza kupanga tarehe zake, nashauri kutua Jumatatu. Kama kazi yako inakubana, basi.

Sasa mtaa. Maoni haya ni yangu, kila mtu ana mfuko wake na miguu yake. Mimi nachagua laini kwanza, kituo pili, hoteli mwisho.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle treni ni RER B, moja ya treni za RER zinazounganisha jiji na vitongoji vyake. Inapita Gare du Nord, Châtelet-Les Halles, Saint-Michel Notre-Dame, Luxembourg, Port-Royal, Denfert-Rochereau hadi Cité Universitaire. Hoteli iliyo mwendo wa dakika saba kutoka mojawapo ya vituo hivyo ina maana hubadilishi treni ukiwa na begi la kilo 23. Msilidharau hilo. Metro ya Paris ni ya zamani, ilianza 1900, na vituo vingi ni ngazi tupu, hakuna lifti. Laini ya 14 ndiyo ya metro iliyo na lifti kila kituo. Mwenye mtoto wa kubebwa kwenye kigari, mwenye mama mzee, mwenye mabegi mawili, hilo liwe swali lake la kwanza. Na kubadilisha treni Châtelet na mizigo, jamani, zile korido hazina mwisho.

Kwa hiyo, mtu wa siku tano anayekuja mara ya kwanza namwelekeza wilaya ya 14, kati ya Denfert-Rochereau na Alésia. RER B inakushusha hapo moja kwa moja. Laini ya 6 inakupeleka Bir-Hakeim na Trocadéro, huko kwenye mnara, na sehemu kubwa inapita juu ya barabara. Kati ya Bir-Hakeim na Passy inavuka mto Seine na mnara unauona dirishani kwa tiketi hiyo hiyo ya metro, huku wenzako wamelipa chumba cha bei mbaya wilaya ya 7 ili wauone. Kisha kuna laini ya 4, na hii ndiyo laini yetu. Inapita Montparnasse, Saint-Michel, Cité, Châtelet, halafu inapanda hadi Château d'Eau, ambako saluni za kusuka za Waafrika zimejipanga mlango kwa mlango, na Château Rouge, ambako kwenye soko la rue Dejean na maduka yanayolizunguka unapata ndizi za kupika, mihogo, samaki wa kukaushwa, na kisamvu, sombe kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu. Yote laini moja, bila kubadilisha. Ukitoka Denfert, barabara ya Daguerre ina mkate, matunda na jibini, na usiku pametulia.

Mtaniuliza, mbona usilale Château Rouge penyewe? Nenda ukale, ununue, usikie Kilingala mpaka uchoke. Kulala ni habari nyingine. Jumamosi kituo kinajaa hadi mlangoni, barabara ni nyembamba na kelele zinapanda hadi dirishani. Mwenye usingizi mzito atafurahi. Gare du Nord, wilaya ya 10, ina faida kubwa: RER B, laini ya 4 na ya 5, na treni ya London iko hapo hapo. Kasoro yake ni mikono ya watu. Wezi wa mifukoni wanafanya kazi kwenye ngazi za umeme na kwenye milango ya treni dakika ile inapofungwa. Simu isikae mfuko wa nyuma, pasipoti isikae begi la mgongoni. Ukichukua hoteli hapo, chukua upande wa kusini kuelekea Gare de l'Est, siyo kaskazini kuelekea La Chapelle na Stalingrad, hasa kama utakuwa unarudi usiku peke yako.

Wa mfuko mdogo waangalie wilaya ya 13. Place d'Italie ina laini tatu, 5, 6 na 7. Olympiades iko laini ya 14, ambayo tangu Juni 2024 inafika uwanja wa Orly bila kubadilisha. Kama ndege yako inatua Orly, futa niliyosema juu ya RER B, anza hapa. Ni mtaa wa Waasia, avenue d'Ivry na avenue de Choisy, wali ni wa bei ya kawaida na maduka yao yana bamia, mihogo na pilipili.

Wenye watoto na Disneyland kichwani, angalieni Nation, mpaka wa wilaya ya 11 na ya 12. RER A inatoka hapo hadi Marne-la-Vallée Chessy, mwisho wa njia, langoni pa Disneyland. Someni ubao wa juu kabla ya kupanda, kwa sababu treni za Boissy-Saint-Léger zinapita reli ile ile kisha zinakata njia nyingine. Montmartre ni pazuri kwa picha, lakini ni mlima. Kituo cha Abbesses kiko chini sana, na lifti ikijaa ni ngazi za kuzunguka. Basi.

Na familia ya watu wanne msikimbilie treni. Teksi rasmi kutoka Charles de Gaulle ina bei iliyowekwa: mwaka 2025 ilikuwa yuro 56 kwenda kaskazini ya mto, 65 kusini, mabegi yamo. Gawanya 56 kwa wanne, ni 14 kila mtu, mnaongeza yuro moja tu juu ya treni na mnashushwa mlangoni. Pangeni foleni kwenye kituo cha teksi nje. Anayekufuata ndani ya jengo akinong'ona "taxi, taxi" si teksi.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo mtaa unapokutana na viza. Ufaransa inataka ushahidi wa malazi kwa kila usiku. Ukihama mtaa katikati ya safari ukaacha usiku mmoja bila hoteli, faili lina tundu. Kwenye hesabu ya pesa, msafiri aliyekwisha kubuku hoteli anatakiwa aonyeshe yuro 65 kwa siku, asiye nayo 120. Siku saba ni 455 dhidi ya 840. Majina ya wasafiri wote yaandikwe kwenye bukingi, herufi kwa herufi kama pasipoti, siyo la baba peke yake. Chukua inayofutika bila malipo, lakini soma tarehe ya mwisho ya kufuta. Jibu la viza kwa kawaida ni siku 15, na linaweza kufika 45. Kama mwisho wa kufuta unatangulia siku ya jibu, pesa yako iko rehani. Viza ikitoka na ukabadilisha hoteli, chapisha bukingi mpya, kwa sababu polisi wa mpakani anaweza kuiomba. Na kama utalala Paris siku tatu na Amsterdam nne, maombi yanakwenda Uholanzi, ambako utalala siku nyingi zaidi, siyo Ufaransa.

Hapa niseme jambo moja linalotuumiza sisi tunaoishi huku. "Si uniandikie barua tu nifikie kwako?" Haiandikwi tu. Inaitwa attestation d'accueil, na mwenyeji anaiomba manispaa ya anakoishi. Anapeleka mkataba wa nyumba, ushahidi wa kipato na ukubwa wa nyumba, analipia stempu ya yuro 30 ambayo hairudi hata akikataliwa, na manispaa inaweza kutuma mtu kukagua nyumba. Kisha anaweka sahihi kwamba atabeba gharama zako ukikwama. Mtu anayeishi chumba cha mita za mraba 18 akikuambia hawezi, hajawa mchoyo. Ofisi ndiyo itakayomkatalia. Msituvunjie undugu kwa hilo.

Mambo ya mwisho ya chumba. Ghorofa huku wanahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo ghorofa ya 5 ni sakafu ya sita toka chini, unapanda ngazi za sakafu tano. Tafuta neno ascenseur, ndiyo lifti. Lisipoandikwa, haipo. Vyumba vya mita za mraba 10 au 12 ni kawaida, mabegi mawili makubwa hayatafunguka pamoja. Julai na Agosti uliza kiyoyozi kwa maandishi. Usingizi ukiwa mwepesi, omba chumba sur cour, kinachotazama uani. Kuna kodi ya jiji kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, ilipanda sana 2024, hoteli ya nyota tatu ikawa yuro 5.20, na mara nyingi inadaiwa mapokezini juu ya ile bei uliyokwisha lipa. Kwa kiwango hicho, mko wawili usiku tano, ni yuro 52. Njoo na kadi ya benki ya kushikika mkononi, maana kadi ya namba tupu ndani ya simu mapokezi wanaweza kuikataa wakitaka kuzuia dhamana. Nyumba ya kupanga kwa siku iwe na namba ya usajili ya jiji kwenye tangazo lake. Isipokuwepo, pita.

Na angalia saa ya kutua. Metro inafunga kama saa saba na robo usiku, Ijumaa na Jumamosi saa nane na robo, na RER B mara nyingi hukatwa mapema zaidi usiku kwa ajili ya matengenezo. Ukitua baada ya saa nne usiku, weka pesa ya teksi pembeni, na waandikie hoteli mapema uulize kama mapokezi yana mtu usiku kucha. Hoteli ndogo nyingi hufunga mlango na kukutumia namba za kufungulia kwa ujumbe. Hizo namba ziandike kwenye karatasi, maana laini yako ya nyumbani huenda isishike mtandao ukiwa umesimama pale nje.