Kanzu Nyeupe, Uso Gizani: Kipima Mwanga Kinapokosea

Asanteni kwa kufika. Jioni hii nataka tushughulikie kasoro moja inayoharibu picha nyingi za harusi huku Pwani. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa, na picha ikitoka, kanzu ni ya kijivu na uso umezama gizani. Kamera inalaumiwa, kumbe ni nzima kabisa.

Mwanga unaoifikia sensa, kile kibamba kinachonasa picha ndani ya kamera, unatawaliwa na vitu viwili. Kimoja ni tundu la lenzi. Namba zake, zinazoandikwa na f/ mbele, ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua mwanga unapungua kwa nusu. Hatua hiyo tunaiita stopu. Wengi hukwama hapa: mbona namba inakua na tundu linapungua? Kwa sababu namba ni urefu wa fokasi, zile milimita zinazotajwa kwenye lenzi, ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2, tundu lina milimita 25. Ikiwa f/4, milimita 12.5. Kipenyo kimebaki nusu lakini eneo limebaki robo, ndiyo maana ni stopu mbili.

Cha pili ni kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo pazia la kamera hukaa wazi. Kutoka 1/125 kwenda 1/250 mwanga unapungua nusu. ISO, ile namba ya tatu mnayoiweka kwenye kamera, yenyewe haiongezi mwanga hata chembe. Inakuza ishara iliyokwisha kupokewa, pamoja na chenga zake, yaani vidoadoa vinavyochafua picha.

Sasa kipima mwanga. Hakijui kanzu wala ngozi. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kisha kinachukulia kwamba kwa wastani mbele yake pana kijivu cha kati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikiona weupe mtupu, kinadhani mwanga umezidi na kuupunguza. Kamera za kisasa hutambua nyuso, na hilo husaidia, ila ukuta mweupe ukijaza fremu bado huzishinda mara nyingi.

Tuchukue jua kali la saa sita mchana, ISO 100. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema: jua likiwa wazi, weka f/16 na shata ya 1/100. Kwa f/8 hiyo ni 1/400. Kamera yako ikielekezwa kwenye kanzu na ukuta inaweza kukupa 1/1000. Hapo umepoteza zaidi ya stopu moja, na usoni ndiko hasara inakoonekana. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/- na uongeze +1 au +1.3.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya kiganja. Weka upimaji wa nukta, ule unaopima sehemu ndogo tu ya fremu, mwambie bwana harusi ainue kiganja kikiangalia upande unaotoka mwanga, kipime, kisha ongeza stopu moja. Viganja vya watu wengi, weusi kwa weupe, hukaribiana, na hurudisha mwanga karibu maradufu ya kijivu cha kati. Ukifanya hivyo ngozi nyeusi hutoka na weusi wake wa kweli wenye kung'aa. Sharti ni moja: kiganja na uso vipate mwanga uleule.

Msiongeze kiholela. Kila nukta ya sensa ni kama kikombe: kikijaa, kinachozidi kinamwagika na hakirudi. Kanzu iliyoungua haina tena nyuzi wala darizi, na hakuna programu itakayozirudisha. Kivuli hunyanyulika, hasa ukipiga RAW, yaani faili ghafi la sensa, ingawa huja na chenga. Kwa hiyo tazameni histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Ikijibana kwenye ukingo wa kulia, punguzeni theluthi ya stopu.

Kwa buibui jeusi mbele ya mlango wa mbao nzito, kosa linageuka: kamera inaongeza mwanga, buibui linakuwa kijivu na uso unaungua. Hapo anzieni -1.

Saa sita hiyohiyo, jua la utosini hutupa kivuli machoni, na hakuna namba itakayokiondoa. Mpelekeni barazani, kwenye kivuli kilicho wazi. Mwanga hupungua kama stopu tatu, basi f/4 na 1/200 vinatosha bila kugusa ISO. Wakianza kucheza, pandisheni shata hadi 1/500 na ISO hadi 250 au zaidi kidogo.

Wenye simu, tundu lenu kwa kawaida halibadiliki. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha telezesha alama ya jua mpaka kanzu iwe nyeupe na darizi za kifuani bado zinaonekana.