Ramani Yangu ya Ngamiani

Wakubwa shikamooni, vijana habari za jioni.

Ukimwambia bodaboda "Ngamiani, Barabara ya Nane", hakuulizi nane ya nani. Tanga nzima tunazihesabu vilevile. Sasa tuseme leo nimechora ramani yangu, na ya nane nimeiita ya tatu. Huenda ramani ni nzuri kuliko ya mji, lakini mgeni anayeshuka basi kutoka Dar nitamfundishia wapi?

Majina ya intaneti ndivyo yalivyo. Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa DNS, ule unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba ambayo kompyuta huifuata. Ukiandika jina linaloishia .co.tz, ulizo hupanda hadi kwenye mzizi, yaani orodha kuu ya miishio yote ya majina, ambao leo unaratibiwa na shirika la ICANN. Mzizi huelekeza kwenye seva za .tz, nazo huelekeza mbele.

Wanaotaka mzizi wao, nje ya huo wa ICANN, hawakuanza jana: mradi wa OpenNIC mwaka 2000, Namecoin na majina yake yanayoishia .bit 2011, Handshake 2020. Hoja yao naiheshimu, kwamba jina lako asikunyang'anye bwana mkubwa yeyote ofisini. Ila watafiti walioipekua Namecoin mwaka 2015 walikuta majina kama 120,000, na yaliyokuwa na tovuti ya maana, yasiyo ya walanguzi, ni 28. Ishirini na nane, jamani! Mengi ya yaliyobaki ni viwanja vyenye mawe ya mpaka tu.

Mchukue mama anayeuza samaki pale Deep Sea. Akimpa mnunuzi wa Mombasa jina la .bit, mnunuzi aanze kwanza kubadili mipangilio ya simu? Atampigia muuzaji mwingine. Tena mizizi ikiwa mingi, majina hugongana: mwaka 2022 Unstoppable Domains, kampuni inayouza majina ya aina hii, iliacha kuuza .coin baada ya kugundua kuwa mradi mwingine, Emercoin, ulishaitumia.

Mtasema, vivinjari vikubwa vikubali majina haya bila mteja kugusa kitu. Sawa, yataenea. Lakini hapo mwenye kivinjari ndiye atakayeamua mzizi upi ufuatwe, na yule bwana mkubwa tuliyemkimbia atakuwa ameingia kwa mlango wa uani.

Penye matumaini ni kwingine. Anwani ya pochi ya Ethereum, mtandao wa sarafu za kidijitali, ina herufi na tarakimu 42; jina fupi linaloishia .eth linakuokoa usizinakili. Hapo mtumaji wa pesa tayari ana programu inayolielewa, na hakuna mgeni wa kuelekezwa.