Tarehe ya Bizimu Imetundikwa Wapi?

Ndugu zangu, ratiba inasema nitaeleza njia zote za kutafuta tarehe za mapambo ya mavazi kutoka makaburi ya Ulaya ya karne ya 5 hadi ya 7. Sidhani nitazimaliza. Kuna swali moja ambalo wanafunzi wangu wamelisikia hadi wamelichoka, nami sijachoka kuliuliza: ukiambiwa bizimu hili, yaani kifungio cha mkanda, ni la mwaka fulani, tarehe hiyo imetundikwa kwenye msumari gani?

Chukueni kaburi la Arnegunde. Mwaka 1959, chini ya kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, mwanaakiolojia Michel Fleury alifunua jeneza la jiwe. Ndani yake amelazwa mwanamke na hariri zake, bruchi (pini za mapambo za kufungia nguo) mbili za duara zenye vito vyekundu, pini ndefu, na bizimu kubwa la mkanda. Kidoleni ana pete ya dhahabu yenye jina: ARNEGUNDIS. Huyo ni mke wa Chlothar wa Kwanza, mfalme wa Wafaranki, na mama yake mfalme Chilperic. Kaburi lenye jina, katika kazi yetu, ni mvua ya kiangazi.

Mifupa ikakadiriwa kuwa ya mtu wa miaka 45 hivi. Wakapiga hesabu kwa kufuata umri wa mwanawe, wakapata kwamba alifariki kati ya 565 na 570. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wajuzi wa mabizimu walilitazama lile la mkanda wakasema halikai hapo, nakshi zake ni za baadaye. Huyu akadai kaburi lilichokorwa, yule akadai Arnegunde huyu si malkia. Wakati wanabishana, mabizimu ya makaburi mengine yaliyofanana na lile yalikuwa yakipewa miaka kwa kulitazama hilohilo!

Kisha meno na mifupa vikapimwa upya. Mama wa watu alikuwa na miaka kama 60. Kifo chake kikasogea hadi karibu 580, na bizimu likatulia mahali pake.

Najua kuna anayesema moyoni: miaka kumi na kitu ni nini, katika karne 14? Ni kubwa! Awamu tunazogawia mabizimu haya zina miaka 20 au 30 tu kila moja. Ukikosea nusu ya awamu, unamzika mtu katika utawala wa mfalme asiyemjua.

Na hata msumari ukiwa imara, bizimu kutengenezwa ni siku moja, kuzikwa ni siku nyingine. Bibi harusi akivaa kikuku cha bibi yake, harusi imefanyika mwaka kikuku kilipotoka kwa sonara? Tazameni picha hii, bizimu la shaba. Ulimi umekula ukingo hadi ukachimba mfereji. Ncha ya kalamu inaingia. Ribiti, zile pini za kuunganishia, tatu ni za shaba, ya nne ni ya chuma. Mtu alilivaa miaka mingi, likakatika, akalipeleka kwa fundi. Anayeandika tarehe bila kugeuza bizimu upande wa nyuma ananikera sana.

Muda umekwenda. Sarafu, kwa kifupi: zinakuambia kaburi haliwezi kuwa la kabla ya hapo, basi. Zile 37 zilizokutwa katika kaburi la Sutton Hoo, Uingereza, hazina mwaka hata moja. Kwanza zilidhaniwa za katikati ya karne ya 7, zikaja kurudishwa nyuma hadi karibu 625 baada ya kupimwa dhahabu iliyomo. Radiokaboni, yaani kupima kaboni iliyomo kwenye mifupa ili kujua umri wake, nayo ilitumika Uingereza pamoja na mpangilio wa mitindo. Matokeo yaliyotolewa 2013 yanaonyesha kuzika watu na vitu vyao kulikoma huko kwenye miaka ya 670 na 680. Hilo linahitaji mhadhara wake.

Kesho maabara ni saa mbili asubuhi. Njooni na lenzi, na tutaanza na upande wa nyuma.